Tani Saba za Dawa Isiyosajiliwa

Nchi ninayoisimulia hamuijui. Kama yupo anayedhani anaijua, na anyamaze, kwa faida yake na yangu. Sitaitaja jina, maana ukiitaja unatakiwa kusimama, na mimi nimeshakaa. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina kiongozi mmoja aitwaye Mlezi, ambaye ameilea kwa miaka ishirini na sita bila kuona dalili yoyote kwamba imekua.

Katika mji mdogo wa Mbwerani, mwendo wa usiku mmoja kutoka makao makuu, na siku mbili mvua zikinyesha, aliishi mjane aitwaye Bi Mwasiti. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na shimo la udongo mweupe, laini kiasi kwamba ukiusugua kati ya vidole unasikia vidole tu. Mama yake aliuchimba udongo huo, na bibi yake kabla ya mama yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kibali, kwa sababu kibali kilikuwa hakijaletwa Mbwerani.

Mtu akitokwa na jipu, anapakwa. Joto likimtoa vipele, anapakwa. Mtoto akiugua matumbwitumbwi, anapakwa mashavu yote mawili na kukatazwa kucheka. Wasichana waliokaribia kuolewa walikuja wiki mbili kabla ya harusi, wakatoka na nyuso ambazo wachumba wao walilazimika kuzitazama mara mbili. Na wajawazito hawakupaka, wao walikula. Bi Mwasiti aliwafinyangia vijiti vya urefu wa kidole, akavianika, akavifukiza moshi mpaka vikawa na ile harufu ya mvua ya kwanza.

Mjamzito asiye na subira ya kungoja vijiti alimega ukuta. Maana nyumba yenyewe ilikandikwa kwa udongo ule ule. Kona ya kushoto ya mlango ilikuwa imeliwa na vizazi vitatu vya wajawazito wa Mbwerani mpaka fito zikawa zinachungulia, na kila mwaka baada ya masika Bi Mwasiti aliikandika upya bila kulalamika. Mlaji wa mwaka huo alikuwa mkwewe mwenyewe, Havijawa, mwenye mimba ya kwanza ya miezi minne. Mumewe, mtoto wa pekee wa Bi Mwasiti, alikuwa machimboni kusini. Desturi ya Mbwerani ilikuwa mtoto wa kwanza azaliwe nyumbani kwa mama mkwe na akae humo siku arobaini, na Bi Mwasiti alikwisha fagia chumba na kutundika chandarua. Alikuwa amekisubiri kitoto hicho kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri.

Sharti lake kwa waliopakwa usoni lilikuwa moja. Kaa kimya mpaka ukauke. Usiseme, usicheke, na chafya ikija ikubalie kwa pua tu. Ukifungua mdomo udongo unapasuka, na mistari inabaki usoni wiki nzima, kila mtu ajue ulishindwa kunyamaza. Waume wengi wa Mbwerani walikuwa wakiwasindikiza wake zao kwa hiari, wakakaa pembeni kufaidi ile nusu saa.

*

Mambo yaliharibika siku mke wa Mlezi alipopata pancha.

Mama Mlezi alikuwa akirudi kutoka kuzindua daraja, ambalo lilizinduliwa bila mto, mto ukiwa kwenye awamu ya pili. Paji la uso lilikuwa limemtoka vipele kwa sababu ya krimu ya ng'ambo. Gari likasimama mbele ya nyumba ya Bi Mwasiti, gurudumu likiwa chini. Bi Mwasiti alimwona mwanamke mzima mwenye vipele amesimama juani, akamvuta ndani, akamkalisha kwenye kigoda na kumpaka. Mama Mlezi akataka kueleza yeye ni nani.

"Nyamaza mwanangu, utapasuka," Bi Mwasiti alimwambia.

Neno hilo Mama Mlezi hakuwahi kuambiwa tangu aolewe. Alinyamaza. Baada ya siku tatu paji la uso lilikuwa safi, na jioni ya siku ya nne alionekana kwenye televisheni ya taifa, ambayo ni moja, akisema kwamba siri ya urembo wake ni udongo wa nchi yake.

Wiki moja baadaye iliundwa Mamlaka ya Taifa ya Udongo wa Tiba na Urembo. Ilipewa jengo la ghorofa tisa, wafanyakazi mia nne na kumi na wawili, magari, na kaulimbiu. Kitu pekee ambacho haikuwa nacho ni udongo. Ndipo akatumwa Mbwerani Mkaguzi Daraja la Pili, Bwana Ndauka.

*

Bwana Ndauka alikuwa kijana mwenye adabu na viatu vilivyong'aa. Alizaliwa kwenye ghorofa ya sita huko makao makuu, akalelewa hapo hapo, na udongo alikuwa ameusoma. Alikaa kwenye mkeka, akafungua fomu ya kurasa thelathini na moja juu ya mapaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jipu liko wapi?"

"Sina jipu, mama. Nimekuja kusajili bidhaa. Udongo huu ulitengenezwa lini?"

Bi Mwasiti alifikiri. "Nilipozaliwa niliukuta."

"Unaisha muda wake lini?"

"Nikifa utabaki."

Ndauka aliandika: haijulikani, baada ya mhusika kufariki. Akageuza ukurasa. "Mtengenezaji ni nani?"

"Mungu."

"Anwani yake?"

"Yuko juu."

"Juu ghorofa ya ngapi?" aliuliza Ndauka, kalamu ikiwa tayari. Hakuwa anafanya mzaha. Fomu ilikuwa na kisanduku cha ghorofa.

Bi Mwasiti alimtazama kwa huruma, akampa maji ya kunywa. Ndauka akasoma maelezo ya chini ya ukurasa kwa sauti. Mtengenezaji alitakiwa kufika mwenyewe ofisini ndani ya siku thelathini, akiwa na picha mbili ndogo na barua ya mwenyekiti wa mtaa anaoishi. Asipofika, bidhaa itahesabiwa haina mwenyewe na itakuwa mali ya Mamlaka.

"Nitamwambia," alisema Bi Mwasiti. "Lakini sijui kama atapata nafasi."

Wakati huo Havijawa alipita, akamega kipande cha kona ya mlango, akakiweka mdomoni na kwenda zake. Ndauka alishusha kalamu.

"Mama, huyu amekula nini?"

"Ukuta."

"Ukuta wa udongo gani?"

"Si ndio huo huo."

Ndauka akasimama. Alitoa futi ya chuma mfukoni, akazunguka nyumba akipima, huku akinong'ona tarakimu. Alipomaliza alikuwa anatokwa na jasho, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Mama yangu, unajua kwamba unaishi ndani ya tani saba za dawa isiyosajiliwa?"

"Mimi nilidhani naishi ndani ya nyumba."

Ndauka aliandika hilo pia, kwa mwandiko mzuri: mtuhumiwa anadai alidhani anaishi ndani ya nyumba.

*

Maabara ya Mamlaka ilikaa na kijiti kimoja wiki tatu. Matokeo yakatangazwa na Mkurugenzi Mkuu mbele ya waandishi wa habari, akiwa amevaa koti jeupe lililobanwa na mkanda wa bendera. Alisema kwamba sampuli ya Mbwerani imekutwa na udongo. Si kidogo. Ilikuwa na udongo kwa asilimia mia moja, wakati kiwango cha udongo kinachoruhusiwa kwenye dawa za nchi hiyo ni sifuri. Mwandishi mmoja mgeni akauliza kama udongo kukutwa na udongo ni jambo la ajabu. Alijibiwa kwamba Mamlaka haifanyi kazi kwa mazoea.

Hatua zikachukuliwa. Kwanza, shimo la Bi Mwasiti likafungwa. Kwa kuwa kanuni zilisema lifungwe kwa kufuli, na shimo halina pa kutia kufuli, akaletwa fundi akatengeneza mlango wa mninga na fremu yake, ukalazwa juu ya shimo, ukafungwa kwa kufuli. Wakawekwa askari wawili kuulinda, mmoja akiangalia mlango, mwingine akimwangalia mwenzake.

Pili, kikajengwa makao makuu kiwanda cha kuondoa udongo kwenye udongo. Kiliuosha, kikauchuja, kikauosha tena, mpaka vipimo vikaonyesha kwamba udongo wote umetoka. Kilichobaki kikatiwa kwenye chupa zenye picha ya Mlezi na kuuzwa kwa jina la Udongo Safi. Wananchi walioununua walisema unafanana sana na maji, na waliosema hivyo mara mbili waliitwa kuhojiwa.

Tatu, ikatoka amri kwamba nyumba ya Bi Mwasiti ibomolewe baada ya siku sitini, saa nne asubuhi, na dawa yote iliyomo iteketezwe kwa moto chini ya uangalizi. Amri ilisainiwa na Mlezi mwenyewe, katikati ya barua mia mbili alizosaini siku hiyo akisikiliza mpira.

Bi Mwasiti alisomewa amri na Ndauka, akaomba asomewe tena. Kisha akahesabu kwa vidole. Siku sitini zikiisha Havijawa atakuwa na miezi saba. Aliingia kwenye kile chumba chenye chandarua, akakaa kitandani, akaweka kiganja ukutani, mahali mama yake alipokandika na alama za vidole vyake zikabaki. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, na hakumwambia mtu.

*

Sasa, kila mwaka nchi hiyo huadhimisha Siku ya Ulezi, na kila Siku ya Ulezi Mlezi hupigwa picha mpya ya kutundikwa katika kila ofisi, kila duka, na kila nyumba ya kudumu. Mwaka huo uso ulikuwa umeanza kumsaliti. Alinawa Udongo Safi chupa arobaini, akabaki amelowa. Zikiwa zimesalia siku mbili kabla ya picha, Mama Mlezi alimsogelea na kumnong'oneza habari za kigoda cha Mbwerani.

Asubuhi mapema ikasimama mbele ya nyumba ya Bi Mwasiti pikapu ya kubebea vitunguu. Wakashuka wanaume wawili waliovaa misuli na kofia za kilimo, mmoja akiwa Mlezi na wa pili Mkuu wa Itifaki. Walidhani wamejificha vizuri. Bi Mwasiti alimtambua Mlezi tangu alipoinama mlangoni, kwa kuwa picha yake ilikuwa inamkodolea macho dukani kila aliponunua chumvi. Siku hiyo ilikuwa ya sitini.

Alichukua kisu akakwangua udongo ukutani, kwa kuwa shimo lilikuwa na mlango. Akaukanda na maji polepole, akitafuta pa kuanzia.

"Baba mgeni," alisema, "kabla sijakupaka, nina neno. Nyumba hii..."

Mlezi akainua mkono, ule mkono wa kwenye picha. "Mambo ya wananchi baadaye, mama. Paka kwanza."

Bi Mwasiti akampaka. Mkuu wa Itifaki, ambaye kwa kazi yake hawezi kukaa na uso tofauti na wa Mlezi, akaomba apakwe pia. Basi wakakaa kwenye vigoda viwili, weupe, mikono juu ya magoti, wakisubiri kukauka. Havijawa alirudi kutoka kisimani, akawasalimia, hakujibiwa, akaona ni kawaida.

Saa nne kasoro dakika tano katapila ikanguruma mtaani. Nyuma yake alikuja Bwana Ndauka ameshika kipaza sauti, na nyuma ya Ndauka mtaa mzima.

"Kwa mujibu wa kanuni," alisema Ndauka kupitia kipaza sauti, ingawa alikuwa mlangoni, "nauliza mara ya kwanza. Kuna mwenye pingamizi?"

"Mimi napinga," alisema Bi Mwasiti.

"Mtuhumiwa hahesabiwi. Nauliza mara ya pili."

"Na mimi," alisema Havijawa.

"Jamaa wa mtuhumiwa hahesabiwi." Ndauka akachungulia ndani. "Na hawa je?"

Bi Mwasiti akapiga magoti mbele ya kigoda cha Mlezi. Hakuwahi kumpigia magoti mtu yeyote isipokuwa wagonjwa wake. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "sema neno moja. Moja tu. Mjukuu wangu atazaliwa wapi?"

Macho ya Mlezi yalizunguka ndani ya udongo. Aligusa kidevu. Kilikuwa kimekauka nusu. Aliwaza picha ya kesho, aliwaza mistari usoni kwenye kila ofisi ya nchi mwaka mzima, na ikumbukwe kwamba mtu huyu aliwahi kuhutubia saa sita juu ya umuhimu wa kufupisha maneno. Lakini siku ile neno moja lilimshinda. Akatazama mbele.

"Nauliza mara ya tatu," alisema Ndauka. Akaandika: wapangaji wawili, mabubu, hawana pingamizi. Kisha akawageukia. "Haya, mabwana, msikae tu. Msaidieni mama kutoa vyombo."

Na ndivyo ilivyokuwa kwamba Mlezi wa Taifa, Mfunguzi wa Madaraja, Daktari wa heshima wa vyuo vinne, alishika upande wa kichwani wa kitanda cha mninga, Mkuu wa Itifaki akashika wa miguuni, wakakipitisha mlangoni kwa shida.

"Kiinamishe," alisema Bi Mwasiti. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini kazi ni kazi. "Upande wako wewe, mnene. Polepole, utanivunjia tendegu. Na usikunje uso, utapasuka."

Wakabeba kitanda, kabati, mtungi, masufuria, na godoro. Mabati waliruhusiwa kuyavua, kwa kuwa bati si dawa. Kisha katapila ikasukuma. Nyumba haikupiga kelele nyingi. Ilikaa chini taratibu, vumbi jeupe likapanda na kuwaangukia watu wote, kwa hiyo kwa muda mfupi mtaa mzima ulikuwa umepakwa na hakuna aliyesema neno.

Udongo usoni mwa wale wawili ulipokauka walinawa kwenye ndoo ya jirani. Uso wa Mlezi ulitoka unang'aa, ameshuka miaka kumi. Sasa angeweza kusema. Lakini angesema nini? Kwamba ndiye aliyebeba kitanda? Kwamba ndiye aliyekaa ndani ya dawa isiyosajiliwa, akibomolewa kwa amri yake? Alimwachia Bi Mwasiti sufuria aliyokuwa bado ameishika, akashusha kofia mpaka puani na kupanda kwenye vitunguu.

Bi Mwasiti alikaa juu ya kitanda chake katikati ya barabara na kulia kwa sauti, na watu wakamwacha alie.

*

Kesho yake Ndauka alilizunguka lundo akiwa na kanuni mkononi na uso wa mashaka. Kanuni ziliagiza dawa iteketezwe kwa moto, yote, na ihesabiwe kabla na baada. Lakini lundo la tani saba unalihesabuje?

Bi Mwasiti alikuwa ameketi jirani, kibarazani kwa Mama Hokororo, ambaye ndiye alikuwa mchoma matofali wa Mbwerani, yeye na binti zake, kule bondeni. Mama Hokororo alimtazama yule kijana akizunguka. Akalitazama lundo. Kisha akamtazama Bi Mwasiti, na Bi Mwasiti, kwa mara ya kwanza tangu jana, akapangusa macho.

"Bwana Mkaguzi," aliita Mama Hokororo, "unataka kuhesabu?"

"Ndiyo, mama. Ni lazima."

"Basi si tukukatie vipande vilivyo sawasawa? Ukihesabu kimoja kimoja hukosei hata robo."

Ndauka alifurahi. Alikuwa na udhaifu wa vitu vilivyo sawasawa. "Lakini vumbi," alisema. "Vumbi la dawa likipeperuka litatibu watu bila kibali."

"Tutalimwagia maji," alisema Bi Mwasiti. "Tutalikanyaga vizuri kwa miguu, lisipeperuke."

Mtaa mzima ukaja kuisaidia serikali. Walimwaga maji, wakakanyaga wakiimba, Mama Hokororo akaleta vibao vyake, na wakafyatua vipande elfu moja mia nane na tisini, vyote sawasawa, pembe nne. Ndauka alivihesabu mara mbili akiwa na raha kubwa. Katika ripoti yake aliandika kwamba hajawahi kuona wananchi wenye ushirikiano kiasi hiki.

"Sasa tuviteketeze," alisema.

"Vibichi haviungui," alisema Mama Hokororo. "Viache juani wiki mbili."

Wiki mbili zikapita. Ndauka akaomba kuni makao makuu, akijua kwamba maombi ya kawaida huchukua miezi minane. Jibu lilikuja kwa siku moja, limeandikwa kwa mkono na kusainiwa na Mlezi. Lilisema mabaki yote ya nyumba ile yachomwe haraka, isibaki hata chembe ya ushahidi, na kuni zisihesabiwe. Zikaja lori tatu.

Wanawake wakavipanga vipande, safu juu ya safu, wakiacha matundu marefu upande wa chini.

"Haya matundu ni ya nini?" aliuliza Ndauka.

"Kuni zitakaa wapi, baba?" aliuliza Mama Hokororo.

"Na mbona mnakandika matope nje?"

"Moto usitoke. Kanuni si imesema chini ya uangalizi?"

Ndauka alitazama. Ilikuwa hivyo. Wakawasha, na moto ukawaka siku tatu, Ndauka akiulinda kwa zamu na kuandika kila saa. Lundo lilikaa siku saba kupoa. Walipolifungua, vipande vilikuwa elfu moja mia nane na tisini. Havikuwa vimepungua, na sasa vilikuwa na wekundu wa kupendeza na vikigonganishwa vililia.

Ndauka alishtuka. Alikiokota kimoja, akakitupa chini, hakikuvunjika. Akajaribu kukikwangua kwa kisu, hakikukwanguka. Akapeleka kimoja maabara kwa gari la haraka. Maabara ikajibu kwamba kitu hicho hakifai kupaka, hakifai kula, hakina tiba yoyote, na kwamba uteketezaji umefanikiwa kwa asilimia mia moja. Bi Mwasiti akapewa cheti cha uteketezaji chenye muhuri wa rangi mbili, na barua iliyomtaka aondoe mabaki yote kwenye eneo la uteketezaji ndani ya siku kumi na nne, kwa nguvu zake mwenyewe.

"Nitayaondoa," alisema Bi Mwasiti.

*

Siku ya kumi na nne Ndauka alikuja kukagua. Mahali palipokuwa na tanuri palikuwa pamefagiwa.

"Mabaki yako wapi, mama?"

"Yale pale."

Ndauka aligeuka. "Kanuni inasema yaondolewe kwenye eneo."

"Nimeyaondoa. Hatua ishirini. Pima."

Ndauka akapima. Zilikuwa hatua ishirini na mbili.

"Na mbona yamepandana?"

"Nafasi ndogo, mwanangu."

"Na hapa mmeacha wazi."

"Pa kupitia. Nisije nikayakanyaga mabaki ya serikali."

Ndauka aliingia hapo palipoachwa wazi, juu yake mabati yakilia kwa joto. Alizipitia kanuni zote, hata tanbihi. Hakuna mahali palipokataza mabaki kuwa na madirisha. Akasaini. Alipokuwa anaondoka alirudi hatua mbili, akainamisha kichwa, akamnong'oneza Bi Mwasiti kwamba mke wake ana mimba ya miezi minne na hali chakula chochote nyumbani.

"Mimi sina udongo," alisema Bi Mwasiti. "Nina cheti. Lakini waone wale askari wa shimoni."

Ndauka akawatazama askari wawili waliokaa juu ya mlango wa mninga. Akagundua kwamba kwa miezi minne hajawahi kuwatazama vizuri. Hapakuwa na watu wenye ngozi laini kama wale nchi nzima.

*

Havijawa alijifungua mtoto wa kike, ndani ya chumba chenye chandarua, na mvua za kwanza zikanyesha usiku huo huo bila kuwapata. Siku ya kumi alinyoosha mkono kwenye kona ya mlango kwa mazoea, akavunja ukucha.

"Mama, ukuta huu hauliki."

"Afadhali," alisema Bi Mwasiti. "Ule wa kwanza ulijaza wageni."

Nyumba ikiwa sasa ni ya kudumu, sheria ilidai iwe na picha ya Mlezi, na Ndauka mwenyewe aliileta na kuitundika juu ya kitanda cha mninga. Ilikuwa picha nzuri. Uso uling'aa, kidevu kimeinuliwa, na chini yake yameandikwa maneno Matunda ya Udongo Safi.

Siku hiyo Havijawa alikuwa ameketi chini yake, mtoto kifuani, uso mweupe pe, Bi Mwasiti akiwa amemaliza kumpaka madoa ya uzazi kwa udongo ulioletwa na askari ndani ya kofia. Aliinua macho akaitazama picha. Akaitazama tena. Chini ya sikio la kushoto la Mlezi, mahali mtu anayenawa kwa haraka kwenye ndoo ya jirani hapafikii, palikuwa na kipande cha udongo mweupe kisichozidi ukucha. Havijawa akaitazama picha, akakitazama kitanda, upande wa kichwani. Mabega yakaanza kumtikisika, na mashavuni udongo ukaanza kuonyesha nyufa.

Bi Mwasiti alimchukua mtoto ili asidondoke, akamgeuza mkwewe uso uelekee ukutani.

"Kaa kimya, mwanangu," alisema, "mpaka ukauke."